Mtu ni Watu: Saikolojia ya Jamii katika Kazi za Sharika Zetu

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika na wafadhili)



Tuanze kwa kukiri. Tulipoanzisha huduma ya ushauri nasaha, tulitenga chumba makao makuu ya Dayosisi, tukaweka meza, viti viwili na kibao mlangoni. Tukaajiri mtaalamu, tukangoja watu. Waliokuja walikuwa wachache. Mjane wa mtaa wa mbali, ambaye majirani husema "ana mawazo", hakuwa na nauli ya kutufikia. Hata angekuwa nayo, asingethubutu kupita chini ya kibao kile huku watu wakimtazama. Ripoti yetu iliandika kwamba wananchi hawana mwamko. Leo tunasema wazi kuwa kosa lilikuwa letu.

Kosa hilo wengine walilitambua zamani. Mwaka 1965 wanasaikolojia wa Marekani walikutana katika mji wa Swampscott, Massachusetts, wakaona kwamba kumngoja mgonjwa ofisini hakutoshi. Mkutano huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa saikolojia ya jamii nchini humo. Misingi yake inaeleweka hata mtaani. Kwanza, kabla ya kuuliza mtu ana kasoro gani, tuulize anaishi na nani, anapata wapi riziki, amenyang'anywa nini, na nani anamsikiliza. Pili, tuzuie madhara kabla hayajakomaa. Tatu, wenye shida washiriki wenyewe kutafuta ufumbuzi.

Afrika nayo haikungoja mkutano huo. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kazi huko Aro, Abeokuta. Wagonjwa wa akili walikaa katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, wakiwa na ndugu zao wa kuwahudumia. Walipata matibabu hospitalini, kisha wakarudi kijijini kuishi na watu. Wazee wetu walikwisha kusema: mtu ni watu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, akiwa hana wataalamu wala vyumba vya kutosha, alianza na akina bibi 14 wa Mbare, jijini Harare. Waliketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Benchi hilo lilipotajwa kwa jina la afya ya akili, watu waliliogopa. Likaitwa Benchi la Urafiki, wakaja. Kwa Kishona shida hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza kwanza, kisha humsaidia mwenye mzigo kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, kati ya waliopitia benchi ni kama 14 katika kila 100 waliobaki na dalili za sonona. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50.

Hata hivyo, wapendwa, tusijidanganye kwamba jamii zetu ni dawa tupu. Jamii hiyo hiyo inayomfariji mfiwa ndiyo inayosengenya, inayosema mgonjwa amerogwa, na inayomnyang'anya mjane shamba. Ndiyo maana akina bibi wa Harare hufunzwa na kusimamiwa, na wanaozidiwa hupelekwa kwa wataalamu.

Basi tunaziomba kamati za sharika jambo moja. Kila usharika uchague wazee wawili, hasa akina mama, ambao tayari watu huwaendea na siri zao, na siri hizo hazijawahi kusikika kisimani. Tusitazame cheo wala elimu. Dayosisi itawafundisha, na mtaalamu wetu atatoka ofisini kuwatembelea.

Kwenu wafadhili, tunajua mradi huu hauna jengo la kupiga picha wala jiwe la msingi la kuzindua. Gharama zake ni mafunzo, nauli za msimamizi, madaftari na benchi chini ya mwembe. Ni rahisi kuziondoa kwenye bajeti, lakini zikiondolewa tutarudi kwenye chumba kile chenye kibao. Tunawasihi msituulize tu tumefanya semina ngapi. Tuulizeni kama mjane yule amerudi shambani, na kama shamba bado ni lake.

Katika Wagalatia 6:2 Mtume Paulo anatuagiza kuchukuliana mizigo. Hakutuagiza tungoje mizigo iletwe ofisini.

Mungu awabariki.