Gari Lililobadilishwa na Kipimo cha Moshi

(Mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari mbele ya wakazi wa kata, katika mkutano wa huduma za jamii)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza lawahusu wenye magari peke yao: gari lililobadilishwa injini au bomba lake la moshi litapitaje katika ukaguzi. Mwenye gari ana shida yake, kwani bila taarifa ya mkaguzi hapati leseni ya kubeba abiria, na mkandarasi makini hamkodishi. Lakini anayeuvuta moshi ule zaidi ya wote ni mama aliyesimama kituoni na mwanawe mgongoni, na muuza matunda aliyepanga meza yake kando ya barabara tangu alfajiri. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Kwa hiyo nitasema na wenye magari, nanyi wengine msiondoke.

Nianze na masega, maana ndiyo yanayouzwa sana siku hizi. Katika bomba la moshi la gari la petroli, karibu na injini, kuna kopo la chuma ambalo ndani yake mmepangwa vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Vijitundu hivyo ni vya udongo mgumu uliopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto, ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dayoksidi, petroli isiyoungua humalizika kuungua, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Hujishika na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni mara mia mbili na zaidi, ndiyo maana mtu aliyefunga mlango wa banda la gari huku injini ikinguruma hufa bila kujua kilichompata.

Madini hayo yana thamani, na mnunuzi wa chuma chakavu anajua. Humjia mwenye gari akamwambia masega yanalizuia gari kupumua, yakitolewa litapata nguvu na kunywa mafuta kidogo. Kisha bomba hukatwa, kipande kitupu huchomelewa, na masega huondoka katika mfuko. Sikatai kwamba masega huziba. Lakini hayazibi yenyewe. Huzibwa na injini inayokula oili, au huyeyushwa na plagi mbovu inayoruhusu petroli mbichi ipite na kwenda kuungua ndani ya kopo. Anayetoa masega na kuiacha plagi hajatengeneza kitu. Fundi anayejua kazi huchomoa sensa ya oksijeni ya mbele, akafunga geji ya msukumo mahali pake, akaona kama kweli moshi unarudi nyuma. Hiyo ni kazi ya muda mfupi, nanyi mna haki ya kuidai kabla msumeno haujagusa bomba.

Wengi wa magari yetu madogo yametoka Japani. Kule gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na moshi hupimwa kwa mashine. Kwa magari ya petroli ya tangu mwisho wa miaka ya 1990, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kaboni monoksidi haipaswi kuzidi asilimia 1, na petroli isiyoungua isizidi sehemu 300 katika kila sehemu milioni. Uingereza ni wakali zaidi: injini huzungushwa kati ya mara 2500 na 3000 kwa dakika, na kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.2 kwa gari la kawaida lenye masega. Nawatajia tarakimu hizi si kwa kuwa sheria za wenzetu ni sheria zetu. Nataka mjue kwamba gari ulilolinunua lilikuwa na uwezo huo siku lilipopanda meli. Uwezo ule ukipotea, umepotea mikononi mwetu.

Hapa kwetu mkaguzi hufanya kazi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na moshi wa magari unaguswa pia na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Pengine mtasema mkaguzi wa wilaya hana mashine. Asiye na mashine bado ana macho na pua. Tena mashine hizi si kubwa, na mwenye mgodi au kampuni ya ujenzi aweza kuwa nayo langoni kwake.

Sasa, gari lisilo na masega lifanyweje? Yarudishwe. Yanunuliwe yanayolingana na ukubwa wa injini, yafungwe mahali pale pale yalipokuwa, kwa sababu yanahitaji joto la nyuzi 300 hivi ndipo yafanye kazi. Yakifungwa mbali nyuma chini ya buti hayapati joto. Sensa ya mbele na ya nyuma zote ziwepo. Kuna ujanja wa kuichomekea sensa ya nyuma kipande cha chuma chenye tundu dogo, ili kompyuta ya gari idhani masega yapo na taa ya injini izimike. Taa huzimika kweli. Mashine ya kupima moshi haiangalii taa, hunusa bomba, na gari hukataliwa na taa yake imezimika vizuri kabisa.

Ujanja wa pili ni kuchomoa waya wa betri asubuhi ya ukaguzi ili hitilafu zifutike. Kompyuta ya gari huandika kwamba kumbukumbu zake zimefutwa na kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika. Anayechomeka mashine ya kusomea hitilafu huliona hilo mara moja. Gari huhitaji kuendeshwa siku kadhaa, barabara kuu na mitaani, ndipo majaribio hayo yakamilike.

Mkipata karatasi ya vipimo, isomeni pamoja na fundi, maana humwambia pa kuanzia. Kaboni monoksidi ikiwa juu, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa: tazameni chujio la hewa, nozeli inayovuja, au sensa ya mbele iliyokufa. Petroli isiyoungua ikiwa juu huku kaboni monoksidi ikiwa chini, basi kuna silinda isiyochoma sawasawa, na lawama ya kwanza iende kwa plagi na koili. Oksijeni ikizidi, mara nyingi bomba limetoboka na linavuta hewa ya nje, nayo huharibu kila kipimo kingine. Ndiyo maana matundu ya bomba huzibwa kwanza, kabla ya kununua spea yoyote.

Nije kwa dizeli, ambako ndugu zangu wa malori na Land Cruiser ndiko waliko. Badiliko tunaloliona zaidi ni skrubu ya pampu kuzungushwa ili dizeli iongezeke, gari lipande mlima na mzigo wa mahindi. Jingine ni turbo kufungwa juu ya injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyotoka kiwandani bila turbo. Turbo yenyewe si kosa. Huongeza hewa, na hewa hupunguza moshi mweusi. Kosa hutokea pale dizeli inapoongezwa kupita hewa iliyopatikana. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia yakitoka bila kuungua. Anayejivunia wingu lile akidhani ni nguvu, ajue pesa yake iko ndani ya wingu. Moshi wa buluu ni oili, nao hauponywi na skrubu. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda, au dizeli inayonyunyizwa kwa wakati usiofaa.

Kipimo cha dizeli ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho gari likiwa limesimama, huku mwanga ukipitishwa katika moshi kuona unazuiwa kiasi gani. Kabla ya siku hiyo pampu irudishwe katika kiwango chake kwenye mashine ya kupimia pampu, nozeli zijaribiwe, chujio la hewa libadilishwe, na mkanda wa injini utazamwe. Injini isiyo imara hukatika mkanda katika kipimo hiki, na gharama yake ni kubwa.

Waliobadilisha injini nzima wana jambo moja la ziada, nalo ni la karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikiwa nyingine na kadi ni ile ile, mkaguzi hana sababu ya kuendelea hadi kwenye moshi. Mabadiliko yaandikishwe TRA, na risiti ya ununuzi wa injini itunzwe. Katika jimbo la California, Marekani, injini inayowekwa lazima iwe ya mwaka wa gari lenyewe au mpya zaidi, na ije na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi. Kwa maoni yangu, hata pasipo sheria kama hiyo, ni kanuni nzuri kwa mnunuzi: usichukue injini bila masega yake, sensa zake na kompyuta yake.

Kuhusu waliohamia gesi asilia, sina maneno mengi. Gesi huungua kwa usafi kuliko petroli, lakini masega yabaki, na mchanganyiko wa hewa upimwe upande wa gesi na upande wa petroli pia. Mtungi wa gari hubeba msukumo wa takribani bar 200. Mtungi wa jikoni haukuumbwa kwa msukumo huo, na anayefikiria kuutumia anaweka bomu nyuma ya viti vya abiria.

Siku ya ukaguzi, gari liendeshwe dakika ishirini kabla ya kufika, lisizimwe kwenye foleni, oili iwe mpya na kadi iwe mkononi. Pale uani nimeyaona magari mawili, Noah moja na lori moja. Naomba wenyewe wayawashe, tuyaache yapate moto. Nimekuja na mashine, na wakati yanapasha nitapokea maswali.