Mjumbe, Nyumba na Mtaa: Maneno ya Waasisi katika Utawala wa Tandale



Tunapozungumzia urithi wa waasisi wa taifa letu, aghalabu mazungumzo huelekea kwenye mambo makubwa: Uhuru wa 1961, Muungano wa 1964, Azimio la Arusha la 1967. Hayo yameandikiwa mengi. Jioni hii ninakusudia kuyatazama maneno matatu madogo, yaani mjumbe, nyumba na mtaa, mahali yanapotumika kila siku: Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya utawala wa waasisi imebaki katika msamiati hata pale sheria zao zilipokwisha kubadilishwa, na kwamba msamiati huo una watu uliowasahau.

Nianze na kisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilipanga chumba Tandale, si mbali na soko. Ndugu yangu mmoja alipatwa na mashaka akahitaji mtu wa kumdhamini mahakamani, na mdhamini alitakiwa awe na barua ya utambulisho. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Niliyemkuta hakuniuliza jina. Aliuliza, "Mjumbe wako anakufahamu?" Nami, kwa ujuvi wa kijana aliyetoka kusoma, nikamweleza kwamba tangu vyama vingi virudi, mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama tu, hana mamlaka ya serikali. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Lete karatasi yake." Mjumbe alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa akikaanga samaki barazani kwake. Yeye naye hakuniuliza jina. Aliuliza, "Baba, unakaa nyumba ya nani?"

Maswali yale mawili yamenishughulisha tangu siku hiyo.

Tuanze na la mjumbe. Katika miji ya Mrima, jumbe alikuwa mtawala. Wajerumani walipojenga dola yao walilichukua neno hilo wakalishusha cheo: jumbe akawa mtu wa chini ya akida, mwenye kazi ya kukusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kazini. Waingereza nao waliendesha utawala wao kwa kupitia machifu na watemi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa kwa sheria mamlaka ya machifu hao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 TANU ikaanzisha mfumo wa nyumba kumi kumi, kila kumi na kiongozi wake, naye akaitwa mjumbe.

Tazameni tofauti. Jumbe yumo katika ngeli ya JI-MA, wingi wake majumbe. Mjumbe ni wa ngeli ya watu, na maana yake ya zamani ni mtu aliyetumwa. Sidai kwamba wakuu wa TANU walikaa mezani wakapima viambishi. Walikuwa na kazi nyingine. Lakini lugha iliwapa kitu walichokihitaji: kiongozi wa mwisho kabisa katika ngazi za utawala ambaye jina lake halimfanyi mkubwa wa mtu. Huyu si mtemi wala akida. Ni mtu wa kupeleka ujumbe na kuurudisha.

Swali ambalo neno lenyewe linalizua, na ambalo waasisi hawakulijibu, ni hili: aliyetumwa, katumwa na nani? Chini ya chama kimoja, uliohalalishwa na Katiba ya Muda ya 1965, swali hilo lilikuwa limelala. Mjumbe alipeleka shida za wananchi juu na kuleta maagizo chini, na huko juu chama na serikali walisema kwa kinywa kimoja, hasa baada ya chama kupewa ukuu katika Katiba mwaka 1975. Hata halmashauri zilipovunjwa katika miaka ya 1970, mjumbe alibaki mlangoni. Halmashauri zilirudi baadaye. Yeye hakuwa ameondoka.

Swali liliamka tarehe 1 Julai 1992, mfumo wa vyama vingi ulipoanza rasmi. Kwa sheria, uongozi wa karibu kabisa na mkazi wa mjini sasa ni mtaa, wenye mwenyekiti anayechaguliwa na afisa mtendaji anayeajiriwa. Nyumba kumi zimebaki kuwa shina la Chama Cha Mapinduzi, na kiongozi wake ni balozi wa shina. Hata hivyo, kama kisa changu kilivyoonyesha, mtendaji wa mtaa anaweza kuwa na muhuri na asimfahamu anayeombewa barua. Mjumbe hana muhuri wa serikali, lakini ana ujuzi. Waasisi walimweka mahali pa kuona nani ameingia, nani ameugua, nani amefiwa, na ujuzi wa namna hiyo haufutwi kwa kubadilisha Katiba.

Kuna ushahidi mwingine, wa namna ya kuitana. Enzi za TANU viongozi waliitana "Ndugu". Baada ya mageuzi, "Mheshimiwa" imetamalaki, kuanzia bungeni hadi kwa diwani. Lakini Tandale sikuwahi kumsikia mtu akisema "Mheshimiwa mjumbe". Husema "mzee mjumbe", "mama mjumbe", au "bi mkubwa" basi.

Sasa neno la pili, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Waasisi walihesabu nyumba, hawakuhesabu watu. Katika kijiji hesabu hiyo inaeleweka, kwa kuwa nyumba ni familia. Kwa Waswahili wenyewe "nyumba" inaweza kumaanisha mke na watoto. Lakini nyumba ya Tandale ni ile tuiitayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Vyumba sita vinaweza kuwa na familia sita zisizohusiana hata kwa kabila. Nyumba kumi basi zinaweza kuwa familia sitini, na katika hizo mjumbe anazijua vema kumi, za wenye nyumba. Wengine ni "wapangaji wa fulani".

Ndiyo sababu mama yule aliniuliza ninakaa nyumba ya nani. Katika karatasi aliyoniandikia, jina la mwenye nyumba wangu lilitangulia langu.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, kama Tandale ilivyo kwa sehemu kubwa, mauziano mengi ya nyumba yamefanyika kwa hati ya mkono, mashahidi wakiwa majirani na mjumbe au ofisi ya mtaa. Karatasi hiyo ndiyo milki ya mtu. Neno "mwananchi", ambalo waasisi walilipa uzito mkubwa kuliko "raia", linaahidi kwamba kila mtu ni mtoto wa nchi. Lakini mtaani, mlango wa kuingilia katika uananchi huo ni nyumba, na asiye na nyumba huingia kwa jina la mwingine. Wenzetu wa Kenya walipoichukua "Nyumba Kumi" mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, walilichukua neno kama lilivyo. Ningependa mwanafunzi mmoja wa hapa akatafute Nairobi wanahesabu nini: nyumba au milango.

La tatu, mtaa, nitalipita upesi. Majina ya waasisi yako kwenye barabara kuu: Nyerere, Kawawa, Bibi Titi Mohamed. Ndani ya Tandale utasikia kwa Mtogole, kwa Tumbo, Pakacha. Sheria ya mitaa ilipokuja iliyakuta majina hayo ikayaandika.

Nimalizie kisa changu. Barua niliipata na ndugu yangu akadhaminiwa. Chumba cha jirani yangu katika nyumba ile alipanga kijana aliyekuwa na kadi ya chama kingine, na bendera yake aliitundika dirishani. Alipohitaji barua ya kuombea kazi hakwenda kwa mjumbe. Hakuwa amekataliwa, maana hakuwa ameomba. Alimtuma mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuwa na maumivu ya magoti, naye akaenda polepole hadi kwenye baraza la samaki, akakaa, akamsemea.