Marciano Katika Zama Zetu

Aghalabu huulizwa kama Rocky Marciano, Mmarekani aliyestaafu mwaka 1956 akiwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzani wa juu, naye ameshinda mapambano yake yote 49, angeweza kusimama mbele ya majabari wa leo.

Insafu yatutaka tuanze na mwili wake, kwani uzani wake wa kadiri ya kilo 84 ungemweka, kwa kanuni za sasa, katika daraja ya chini ya ile aliyoitawala, ilhali Tyson Fury, mmoja wa majabari hao, ana kimo kipitacho mita 2. Lakini kimo peke yake hakikati shauri, maana mwaka 2024 Oleksandr Usyk, aliye mfupi kwa Fury, alimshinda mara mbili.

Hoja iliyo nzito zaidi ni muda. Tarehe 23 Septemba 1952, mjini Philadelphia, Marciano aliangushwa na bingwa wa wakati huo, Jersey Joe Walcott, raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa hesabu ya waamuzi wote, hata ilipowadia raundi ya 13 akamshindilia konde fupi la kulia, Walcott akaporomoka, mkono umenasa kambani. Leo pambano la ubingwa hukoma raundi ya 12. Kwa kanuni hiyo, usiku ule Marciano angeshindwa.

Rai yangu, basi, ni kwamba silaha yake kubwa ilikuwa ustahimilivu, na zama zetu zimeupunguzia nafasi. Kwa hiyo ni wajibu wetu kumpima kila bingwa kwa kanuni za zama alizopigana.