Miwani ya Kuogelea: Kidimbwini Ndiyo, Mto Tana La



Miwani ya kuogelea huchaguliwa kulingana na maji. Kwenye kidimbwi kilicho wazi juani, lenzi nyeusi hupunguza mwangaza. Jioni au chini ya paa, lenzi angavu hutosha. Kabla ya kulipa, ibandike machoni bila kuvuta mkanda. Ikishika kidogo bila kuanguka, inakufaa, na maji yenye klorini hayatapenya. Mtoto anunuliwe ya kitoto, si ya baba yake.

Anayekwenda Lamu au Mombasa kuogelea baharini atafute yenye fremu pana, aone pembeni. Wa kupiga mbizi avae barakoa inayofunika na pua, kwa sababu miwani ya kawaida hubana macho kadiri anavyoshuka.

Sasa tuje nyumbani. Miwani ya Mto Tana haijatengenezwa. Maji yamejaa udongo, na mamba haonekani hata na aliye ukingoni. Tena mabwawa ya umeme kule juu, kama Masinga na Kiambere, yakifurika, mto hujaa hapa hata kama Garissa haikunyesha. Mafuriko ya 2023 na 2024 tunayakumbuka.

Kwa hivyo mtoto asitumwe mtoni peke yake. Anayezama atupiwe kamba au jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko. Asirukiwe na asiyejua kuokoa.

Miwani hulinda macho. Uhai hulindwa na tahadhari.