Nairobi: Bandari Isiyo na Mashua



Miji mingi mikubwa ilizaliwa kando ya maji. Kisangani ilikua pale mashua za mto Kongo ziliposhindwa kupanda maporomoko, na Kisumu ilikua pale reli ilipolifikia ziwa. Nairobi nayo ilizaliwa kando ya mto, lakini mto huo haupitishi hata mtumbwi wa mvuvi. Tena bahari iko mbali nasi, zaidi ya maili 300. Hata hivyo bidhaa za Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hupita hapa. Basi labda mtauliza, mji usio na bandari umepataje kuwa kitovu cha nchi zote hizi?

Kwanza yafaa tulikumbuke jina lenyewe. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi, nao walikuwa wakileta ng'ombe wao kunywa. Juu kidogo, penye misitu, palikuwa na mashamba ya Wakikuyu. Mji haukuwapo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa Mei 1899 ikafika hapa, maili 327 kutoka pwani. Mbele ya wajenzi nchi ilikuwa ikipanda kwa nguvu kuelekea Ukikuyu, kisha ikaporomoka ghafula katika Bonde la Ufa. Nyuma yao ulikuwa uwanda wa Athi, mpana na sawa kama mkeka. Mhandisi alihitaji mambo mawili tu kabla ya kuupanda mlima ule: ardhi ya tambarare kwa kupanga mabehewa na kujenga karakana, na maji kwa injini zake. Yote mawili aliyapata hapa. Kama mahali pangefaa watu kuishi, hilo halikuwa shauri lake.

Maana bandari ni nini? Ni mahali ambapo mzigo hushushwa, hupangwa, na kupakiwa tena. Kwa hiyo uwanja ule wa reli ulikuwa bandari tangu siku ya kwanza. Mwaka huohuo wa 1899 makao ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa, na ofisi ya mkoa ikatoka Machakos. Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha na Uganda, kila mzigo wa nchi ile uliokwenda baharini kwa njia hiyo ulipita Nairobi.

Lakini ardhi iliyoifaa reli haikumfaa binadamu. Kati ya stesheni na kilima palikuwa na kinamasi cha mafunjo, na mvua zikinyesha, njia zote zilikuwa tope tupu. Mwaka 1902 tauni iliingia katika mitaa ya maduka ya Wahindi, nayo ikateketezwa kwa moto kwa amri. Mwaka 1904 tauni ikarudi. Madaktari walishauri kwamba mji wote uhamishwe mahali pa juu, penye udongo usiotuamisha maji. Shauri hilo lilizungumzwa miaka kadhaa, huku majengo yakizidi kuongezeka, na makao makuu ya serikali yakihamishwa kutoka Mombasa. Churchill alipopita hapa mwaka 1907 aliona kwamba wakati umekwisha pita. Mji ukabaki palepale.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mambo mengi tunayoyaona leo yalipoamuliwa. Mji haukuhama, ila waliokuwa na uwezo walihamia juu. Mwaka 1913 Profesa Simpson, aliyeletwa kuchunguza afya ya mji, alishauri kila taifa la watu likae peke yake. Basi badala ya kuwakaushia watu wote ardhi, walitenganishwa. Vilima vya magharibi, hii Hurlingham yetu ikiwa miongoni mwavyo, vilikuwa vya Wazungu. Jina lenyewe ni la mahali huko London. Waafrika waliwekwa upande wa mashariki, chini, na Pumwani ikapimwa kwa ajili yao baada ya Vita Kuu ya kwanza. Baada ya Uhuru wa 1963 mipaka hiyo ya rangi iliondoka, na barabara kubwa ya hapa ikapewa jina la Argwings Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya. Hata hivyo mteremko wa ardhi haukuondoka.

Kukua kwenyewe kulikwenda mbio. Mwaka 1906 wakazi walikuwa kama 11,000; katika hesabu ya 2019 walikuwa 4,397,073. Nairobi ikawa jiji mwaka 1950. Uwanja wa ndege wa Embakasi ukafunguliwa 1958, na hukohuko Embakasi ikafunguliwa bandari ya nchi kavu mwaka 1984, ambako makontena hupokelewa kama gatini. Reli mpya kutoka Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017.

Na maji? Vijito vya Kirichwa, vinavyopita katika vitongoji hivi vya magharibi, huingia katika mto Nairobi, nao hushuka hadi Gikomba na Korogocho. Zamani mvua ya huku ilinywewa na bustani. Siku hizi huanguka juu ya saruji na lami, ikateremka yote kwa mara moja. Mvua za 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na Mathare ni mojawapo ya mitaa iliyofurika. Serikali iliamuru waliokaa ndani ya meta 30 za kingo waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa. Waliobomolewa walikuwa maskini hasa, ingawa majumba ya ghorofa yamesogelea vijito hata huku juu.

Leo maji ya kunywa ya Nairobi hutoka mbali, mengi kutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Mto wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na mtu aweza kwenda kukitazama na kurudi mchana huohuo. Nawasihi mwende, kisha mshuke nao kwa miguu hadi Gikomba.