Dawa ya Kutawanya Mafuta Baharini: Kazi Yake na Mipaka Yake



Meli za mafuta hupita mbele ya pwani ya Kenya na kutia nanga Kilindini. Ajali ikitokea na mafuta kumwagika, wananchi huuliza: kuna dawa ya kuyaondoa? Dawa ipo, lakini haiyaondoi. Huyatawanya. Mambo hayo mawili si sawa, na riziki ya mvuvi inategemea mahali dawa hiyo inaponyunyiziwa.

Mafuta yakimwagika hutanda juu ya maji kama jamvi, kisha upepo na mkondo hulisukuma jamvi hilo hadi ufuoni. Dawa ya kutawanya ina chembechembe za jamii ya sabuni. Upande mmoja wa chembe hushika mafuta, upande wa pili hushika maji. Hujipanga pale mafuta yanapokutana na maji na kulegeza nguvu inayovitenga viwili hivyo. Hapo mawimbi hulipasua jamvi likawa matone madogo sana, yasiyozidi upana wa unywele. Tone kubwa hupanda juu tena. Tone dogo hubaki ndani ya maji.

Anayekuna nazi anakijua kitu hiki. Tui lina mafuta tele, lakini hayaonekani yakielea, kwa kuwa yamegawanyika matone madogo ndani ya maji. Likichemshwa kwa muda mrefu, mafuta hujitokeza. Hayakuwa yamepotea.

Faida za dawa hii ni za kweli. Kasa na ndege wa baharini, ambao lazima wafike juu ya maji, hupunguziwa hatari. Mafuta yanayofika ufuoni na kwenye mikoko huwa machache. Tena bahari ina bakteria wa asili wanaokula mafuta, na matone madogo huwarahisishia kazi, ingawa kazi hiyo huchukua muda.

Hasara nayo ni ya kweli. Kilichokuwa juu sasa kimo katika maji yenye mayai ya samaki, samaki wachanga, kamba na matumbawe. Kwenye kina kirefu, matone husambaa katika maji mengi na ukali wake hupungua upesi. Ndani ya mwamba na penye mikoko, maji ni machache na nafasi hiyo haipo. Ndiyo maana nchini Uingereza, kwa mfano, dawa hainyunyiziwi penye kina cha chini ya mita 20, wala ndani ya maili moja ya baharini kutoka hapo, bila idhini maalum.

Tahadhari hiyo ilifunzwa na msiba. Machi 1967, meli ya Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Karibu tani 10,000 za dawa za wakati ule zilimwagwa baharini na ufuoni. Dawa hizo ziliua viumbe wa mawe ya ufuo kwa wingi, na sehemu zilizoachwa bila dawa ndizo zilizopona mapema zaidi. Dawa za leo hazina sumu kali kama zile, lakini mjadala haujaisha. Mwaka 2010, kisima cha mafuta kilipopasuka chini ya mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, zilitumika lita zipatazo milioni 7. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama faida ilizidi hasara.

Muda pia una sheria yake. Mafuta yakikaa juu ya maji hupoteza sehemu zake nyepesi, huchanganyika na maji na kuwa uji mzito ambao dawa haiupenyi. Nafasi ya kutumia dawa ni ya saa au siku chache tu. Bahari ikiwa shwari kabisa, dawa hukosa mawimbi ya kuifanyia kazi.

Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa. Mahali pa namna hiyo panahitaji vizuizi vinavyoelea na mitambo ya kukusanya mafuta. Uamuzi wa kunyunyizia dawa ni wa wataalamu. Nchini Kenya, Mamlaka ya Bahari (KMA) ndiyo inayoongoza mpango wa kitaifa wa kukabiliana na mafuta yaliyomwagika.

Kwa hivyo, mwananchi akiona mafuta baharini:

- Asimwage sabuni ya aina yoyote. Sabuni ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na inaweza kudhuru samaki.
- Aripoti mara moja kwa BMU, chifu au KMA, akieleza mahali, saa, rangi ya mafuta na upepo unakoelekea.
- Asiyaguse wala kutupa nyavu ndani yake.

Mvuvi ndiye huwa wa kwanza kuona. Taarifa yake ikifika mapema, mafuta huweza kushughulikiwa yangali kwenye kina kirefu, kabla hayajaingia ndani ya mwamba.