Toni na Usawiri wa Jagina: Superman Mbele ya Mashabiki Wake



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukichukua mada ya mtu avaaye joho jekundu na kuruka angani. Nakiri kuwa nami nilisita. Lakini wanafunzi wale wale wanaonyamaza darasani nitajapo toni na usawiri wa wahusika katika riwaya, huzungumza kwa kirefu, tena kwa hasira, pindi ikitajwa filamu ya Superman. Wanayoyasema ni uhakiki, ijapokuwa wenyewe hawauiti hivyo. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mashabiki aghalabu huwa sahihi katika kuihisi kasoro, na hukosea katika kuipa jina.

Superman alizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1938. Mwaka 1978 Richard Donner alimleta katika filamu akiigizwa na Christopher Reeve, na kwa watu wengi hiyo ndiyo iliyokuwa sura yake halisi. Mwaka 2013 Zack Snyder akatoa Man of Steel. Karibu na mwisho wa filamu hiyo Superman anamvunja shingo adui yake Zod, aliyekuwa akikaribia kuwaunguza watu wasio na hatia kwa miali ya macho yake, kisha anapiga ukelele wa uchungu. Mashabiki waligawanyika, na hadi leo hawajapatana. Waliochukizwa walisema mambo mawili: kwamba filamu ina giza mno, na kwamba Superman haui.

Tulichunguze dai hilo la pili. Katika Superman II ya mwaka 1980, Zod huyo huyo ananyang'anywa nguvu zake, anapondwa mkono, kisha anarushwa na kutumbukia katika shimo la barafu. Tukio limepangwa lifurahishe, nasi tunafurahi bila kuuliza aliangukia wapi. Mwaka 1988, katika vitabu vyenyewe, mwandishi John Byrne alimfanya Superman awaue kwa makusudi wahalifu watatu, Zod akiwa mmoja wao. Kwa hiyo dai kwamba Superman hajapata kuua halina msingi katika matini.

Je, mashabiki walikuwa wakilalamikia kivuli? Sidhani. Tendo ni lile lile, ila toni ndiyo inayoliamulia uzito. Mwaka 1980 mzaha ulikiondoa kifo machoni petu. Mwaka 1988 tendo lililipiwa: hadithi zilizofuata zilimwonyesha jagina akiteswa na dhamiri hata akaihama dunia. Mwaka 2013 toni ni nzito, naam, lakini usimulizi haukai na uzito huo. Baada ya ukelele ule hatukawii kumwona akizungumza na jemadari kwa utani, kisha akivaa miwani na kuanza kazi gazetini. Toni imetangaza msiba. Usimulizi umekataa kukaa matanga. Basi wale waliosema filamu ina giza mno, kwa maoni yangu, walikuwa wakilalamikia giza lisilofika mwisho.

Lakini kiini cha ugomvi hakimo katika kifo cha Zod. Kimo katika kifo cha baba mlezi, Jonathan Kent. Katika filamu ya 1978 mzee huyo anaanguka kwa maradhi ya moyo, na kijana mwenye uwezo wa kushindana na garimoshi anasimama kaburini akijua kwamba nguvu zake zote hazikufaa kitu. Katika filamu ya 2013 mzee anachukuliwa na kimbunga, na mwanawe anaweza kumwokoa. Baba anainua mkono kumkataza, ili siri ya uwezo wake isifichuke. Kabla ya hapo, mvulana alipoliokoa basi la shule lililotumbukia mtoni, baba huyo huyo alidokeza kwamba labda angewaacha wenzake wafe. Hapo pamebadilishwa chanzo cha mhusika. Kijana aliyejifunza kuwa nguvu zina mpaka si yule aliyefunzwa kuzificha, na tofauti hiyo hata kicheko kingi kisingeifuta.

Sisi si wageni wa jambo hili. Fumo Liyongo alisimuliwa kwa vinywa vingi kabla ya Muhammad Kijumwa kuutunga utendi wake mwaka 1913. Wasimulizi walitofautiana kuhusu zama zake na hata dini yake, na wasikilizaji walivumilia. Ila msanii akija na filamu ambamo Liyongo anauawa na adui asiyemjua, badala ya mwanawe mwenye sindano ya shaba, tutasema kwamba huyo si Liyongo, hata kama misuli yake inatisha. Jamii hujua, bila kufundishwa nadharia, ni sifa zipi za jagina zinazoweza kuguswa.

Sisemi kwamba mashabiki wasikilizwe katika kila jambo. Michael Keaton alipoteuliwa kuwa Batman katika filamu ya 1989, wengi walipinga kwa barua hata kabla ya filamu kutolewa, kwa kuwa alijulikana kwa vichekesho, nao walikuwa bado na kinyongo na mizaha ya mfululizo wa televisheni wa 1966. Leo wengi humtaja miongoni mwa Batman bora. Walihukumu toni kwa kuutazama uso wa mwigizaji. (Wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili katika mabanda ya video wangewafunza mengi: hutia mzaha juu ya kilio, na uso wa mwigizaji usiwazuie.)

Mwaka 2025 James Gunn alitoa Superman mpya, akiigizwa na David Corenswet. Katikati ya mapambano, majengo yakiwa hatarini, jagina anapoteza nukta chache kumwokoa kindi. Wapo walioliona jambo hilo la kitoto. Mimi nililitazama nikaukumbuka mkono wa yule baba ulioinuliwa kimbungani, nikaona kwamba mtengenezaji huyu amewajibu mashabiki kwa usawiri, si kwa toni. Kama amewajibu vema, ningependa kulisikia kwenu katika muda wa maswali.